Shangazi, nimechoka kupiga makofi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, saa sita kasoro, na tangu nianze barua hii simu imelia mara nne. Zote za kazini, na hakuna ya dharura. Mtu mmoja ametuma kwenye kundi picha ya ubao aliouchora akiwa bado ofisini, na wenzake wanamjibu kwa vidole gumba na vile vialama vya moto. Nami nimemtumia moto. Picha yenyewe sijaifungua.

Nina miaka 31. Nafanya kazi katika kampuni inayotengeneza programu za kutunza kumbukumbu za biashara ndogo. Nilipoingia, miaka miwili na nusu iliyopita, tulikuwa watu 38. Nilimjua kila mtu kwa jina, nikajua nani ana mtoto mchanga na nani hataki kusemeshwa asubuhi. Mwanzilishi alikaa meza ya tatu kutoka kwangu. Ukikwama unageuza kiti tu, unamwuliza. Leo tuko 210, na mwezi ujao wanaingia wengine 30. Mwanzilishi siku hizi namwona Jumatatu, kwenye skrini.

Hizo Jumatatu ndizo zinazonimaliza. Saa tatu kamili kampuni nzima hukusanyika, wengine ukumbini, wengine mtandaoni. Mmoja anaita kaulimbiu, sote tunaitikia, kisha makofi. Halafu anatajwa mtu aliyeonyesha "moyo wa kampuni" wiki iliyopita. Mara nyingi ni aliyekesha, au aliyekatiza likizo. Makofi tena. Mabadiliko ya wiki hutangazwa baada ya hapo, watu wakiwa tayari wamechangamka. Sijui kama ni makusudi.

Na mabadiliko yenyewe, Shangazi! Katika miezi 14 nimekuwa na mameneja wanne. Timu yetu imebadilishwa jina mara tatu. Tulikuwa na mradi niliouongoza pamoja na wenzangu watano. Miezi saba tumeujenga, wateja wa majaribio walikuwa wameanza kuutumia. Jumatatu moja ukaondolewa kwa sentensi moja: "Tumejifunza mengi, sasa tunasonga mbele." Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga makofi kwenye mazishi ya kazi yangu mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilinyoosha mkono nikauliza ni nini hasa kilichoonekana hadi mradi ukasimamishwa, ili tusirudie kosa. Niliuliza kwa nia njema kabisa. Mwanzilishi akajibu vizuri tu, kwamba soko limebadilika. Lakini tulipotoka, meneja wangu mpya alinivuta pembeni akaniambia, "Swali lako lilikuwa sahihi, ila lilipoza ukumbi." Mwezi huohuo ikaja tathmini yangu. Utendaji: mzuri sana. Chini yake akaongeza: "Haonekani kuamini safari yetu."

Usinielewe vibaya. Hii kampuni naipenda. Baba yangu alipougua, mwaka wangu wa kwanza, wenzangu waligawana kazi zangu hata kabla sijaomba, na mwanzilishi akaniambia nenda, fomu za likizo tutajaza ukirudi. Neno "familia" wakati ule halikuwa na haja ya kutamkwa. Sasa linatamkwa kila wiki. Mwezi uliopita aliondolewa mmoja wa wale 38. Kufika mchana jina lake lilikuwa halipo tena kwenye kundi. Hakuna aliyeuliza. Jumatatu yake tukaambiwa sisi ni familia.

Basi wiki hii nimeitwa na meneja. Wanataka niwe "mlezi wa utamaduni". Nitawapokea wale wageni 30 kwa siku tatu, niwafundishe historia yetu, kaulimbiu, namna tunavyofanya mambo. Mshahara hauongezeki ila wanasema ndiyo njia ya kupanda. Nijibu Ijumaa ya wiki ijayo. Mwenzangu nyumbani anasema kubali, makofi hayakatwi kodi.

Jambo moja la mwisho. Kuna kijana ana wiki tatu tu kazini. Juzi tulikutana penye maji ya kunywa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa mtu akikosea inakuwaje?" Nikacheka, nikamjibu kwa kaulimbiu: "Hapa hatukosei, tunajifunza." Naye akacheka. Lakini alivyonitazama, nilijiona kama mtu aliyeombwa maji akatoa bilauri tupu.

Shangazi, ni mimi niliyechoka na kuzeeka mapema? Nikubali, nikatae, niondoke, au niendelee kupiga makofi?

Mpiga Makofi

* * *

Marahaba mwanangu,

Tuanze na ule moto uliotuma usiku kwa picha usiyoifungua.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika juu ya wahudumu wa ndege. Aliona kwamba zaidi ya kubeba sinia na kufunga milango, wanalipwa pia kwa tabasamu, na kwamba tabasamu hilo ni kazi kamili, inachosha kama kubeba mizigo. Kilichomhangaisha zaidi ni kwamba mtu akivaa hisia za kazi kwa muda mrefu, hufika mahali asijue tena ipi ni yake na ipi ni ya mwajiri. Wewe uliajiriwa kutengeneza programu. Hii kazi ya pili, ya kuchangamka, imeingia polepole bila mkataba, na sasa inakudai usiku wa manane. Basi tangu leo, usitume moto baada ya saa za kazi. Subiri asubuhi, fungua picha, umwandikie aliyeituma sentensi moja kuhusu kilichochorwa. Atakushukuru zaidi ya wale wote waliobonyeza kidole. Hilo ni dogo na halihitaji ruhusa ya mtu.

Sasa nije kwenye barua yenyewe. Ina tarakimu nyingi, na mbili ndizo zimenishika: 38 na 210.

Mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, alilinganisha ukubwa wa ubongo wa nyani wa aina mbalimbali na ukubwa wa makundi yao, kisha mwaka 1992 akakadiria kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano wa kujuana kweli na watu wapatao 150. Wasomi wamebishana sana kuhusu hesabu hiyo, kwa hiyo usiishike kama sheria. Lakini wapo wenye viwanda waliofika mlemle bila kupitia kwenye nyani. Bill Gore, ambaye kampuni yake ndiyo inayotengeneza kitambaa cha Gore-Tex, aliona kwamba kiwanda kikikaribia watu 200 hivi, watu huacha kusema "sisi" na kuanza kusema "wao". Dawa yake ilikuwa kujenga kiwanda kingine.

Mlipokuwa 38 utamaduni wenu ulikuwa kwenye macho. Mtu akikesha mnamwona kesho yake alivyochoka, mnamwambia aende nyumbani. Mtu akikosea mnajua, kwa sababu mko chumba kimoja. Wala hakukuwa na haja ya kumtafuta mlezi wa utamaduni, maana kila aliyeingia aliufundishwa na kiti alichokalia. Mlipofika 210 macho hayatoshi. Mwanzilishi wenu ameliona pengo hilo, na amejaribu kuliziba kwa sauti. Simwiti mwongo. Nadhani ni mtu anayevuta shuka la watu 38 liwafunike watu 210, na kila anapolivuta huku, miguu ya wengine inatokeza kule. Kaulimbiu zimeongezeka kwa kadiri ileile ambayo kujuana kumepungua. Kwa hiyo hapana, hujazeeka. Unaikumbuka kampuni ambayo wenzako 170 hawajawahi kuiona, na unaombwa uwasimulie kana kwamba bado ipo.

Hilo neno "familia" nalo lina habari yake. Mwaka 2009 kampuni ya Netflix ilitoa hadharani slaidi zinazoeleza inavyoajiri na inavyoachisha, na mojawapo ilisema waziwazi: sisi ni timu, si familia. Patty McCord, mkuu wa waajiriwa aliyeshiriki kuziandaa pamoja na mwanzilishi mwenza wa Netflix, Reed Hastings, naye mwaka 2012 ilifika zamu yake ya kuondoka. Ni baridi, lakini angalau mtu anajua ameingia nyumba gani. Mimi mwenyewe sifurahishwi sana na huo mfano wa timu. Mchezaji wa kulipwa ana wakala, ana mkataba wa misimu, na akiachwa mara nyingi anajua kabla. Mfanyakazi wa kawaida ana mwezi mmoja wa notisi na kadi ya mlangoni inayozimwa mchana. Waajiri wengi wanapenda nusu ya mfano inayowafaa wao.

Nakuomba tu usije, kwa hasira ya neno, ukaikana kweli. Baba yako alipougua watu waligawana kazi zako. Hilo lilitokea. Hawakulifanya kwa sababu ya kaulimbiu, walilifanya wao, kwa majina yao, na kampuni haiwezi kulidai kuwa mali yake wala wewe huna sababu ya kulifuta. Deni lako liko kwao. Yule mwenzenu aliyeondolewa mwezi uliopita, je, alikuwa miongoni mwa waliozibeba kazi zako? Barua yako haisemi, na pia haisemi kwamba ulimpigia simu. Unasema "hakuna aliyeuliza". Wewe ni mmoja wa hao hakuna. Mpigie, mwanangu. Sio kuchimba kilichotokea, bali kumjulia hali tu.

Nikikwambia hivyo sikukemei. Ni kwamba barua yako nzima inazungumzia utamaduni kama hali ya hewa inayotoka kwa wakubwa. Mtu aliyekaa miaka miwili na nusu mahali ambapo wengi hawajamaliza mwaka, huyo ndiye utamaduni. Wageni wanakuangalia wewe kabla ya kuangalia skrini.

Tuje kwenye mradi uliozikwa. Hapa nitakuwa mgumu kidogo. Kampuni inayokua upesi itatupa kazi za watu. Itatupa hata nzuri. Niliwahi kukaa ofisi moja ambayo kila baada ya miezi mitatu mipango ilipinduliwa, na mwaka wa kwanza niliona kila pinduzi ni tusi kwangu. Nilikuja kuelewa kwamba kupindua kwingine kulikuwa ni akili, maana waliong'ang'ania mpango wa zamani kwa kuogopa kuwaudhi waliouandika ndio waliofunga milango. Kwa hiyo kusimamishwa kwa mradi si kosa lao. Kosa lao ni ile sentensi. "Tumejifunza mengi" ni kauli inayodai kuendelea: tumejifunza nini? Ulipouliza, ndiyo ulikuwa unaichukua kauli yao kwa uzito kuliko walivyoichukua wao.

Na hapo ndipo meneja wako akasema umepoza ukumbi. Nimelirudia hilo neno mara kadhaa. Usimfanye adui, ni meneja wa nne katika miezi 14, huenda naye anahesabu siku zake. Amekuta ukumbi wenye joto, na ameelewa kwamba kazi yake ni kulinda joto. Pia ana nusu ya hoja: mkutano wa kushangilia si lazima uwe mkutano wa kuchunguza. Lakini kama Jumatatu si mahali pake, ni wapi? Jumanne? Kikao cha timu? Chumba cha mtu fulani mlango ukifungwa? Kampuni yenye jibu la swali hilo inaweza kushangilia Jumatatu mpaka kuta zitikisike, sina neno. Isiyo na jibu ndiyo inayoniogopesha.

Nikupe kisa. General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari huko Fremont, California, kilichosifika kwa ubaya: watoro kazini, ugomvi usiokwisha na chama cha wafanyakazi, magari yenye kasoro. Kilifungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale waliofukuzwa, wakiwa na chama kilekile. Muda mfupi baadaye kikawa kati ya viwanda vilivyotoa magari mazuri kuliko vyote vya General Motors. Watu hawakubadilika. Yaliyobadilika yalikuwa mengi, na moja lilikuwa kamba. Zamani kanuni ilikuwa kwamba mstari wa kuunganisha magari hausimami kwa lolote. Kasoro ikionekana, iache ipite, itarekebishwa huko mbele. Sasa ikatundikwa kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi, na yeyote aliyeona tatizo alitakiwa kuivuta. Akiivuta, kiongozi wa timu anakuja kuuliza nikusaidie nini, na wasipomaliza kwa wakati, mstari mzima unasimama. Fikiria mtu aliyezoea kufokewa miaka kumi, siku ya kwanza anavuta kamba, na anayemjia hana ugomvi.

Maneno ya umoja yalikuwepo pale pia, sikatai. Walifundishwa, walipelekwa Japani kuona. Lakini maneno yangebaki maneno kama mkono wa kwanza kuvuta kamba ungechapwa. Mameneja wengine wa General Motors walikwenda Fremont wakaona kila kitu kwa macho yao, na bado iliwachukua miaka mingi kuhamisha utaratibu ule viwandani kwao. Kamba ni rahisi kuitundika. Kazi ni yule anayekuja ikivutwa.

Kwenu nani huja? Kwako alikuja meneja, akasema umepoza ukumbi. Huo ni ushahidi mmoja, si hukumu, lakini wageni 30 wakiona visa kama hivyo vitatu watakuwa wamejua utamaduni wenu bila kufundishwa na mlezi yeyote.

Amy Edmondson alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard, katika miaka ya 1990, alichunguza makosa ya dawa katika timu za hospitali. Alitarajia timu zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume, timu nzuri zilionekana kukosea zaidi. Ilimbidi akune kichwa kabla ya kugundua kwamba hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Katika zile nyingine makosa yalikuwepo, yamefichwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika wodi si msemo. Kwa hiyo mtu akijigamba kwamba "hapa hatukosei", mimi nauliza kwanza nani anaweka kumbukumbu.

Kuhusu maneno mazuri peke yake, Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, ilichapisha kwenye ripoti yake ya mwaka tunu nne: mawasiliano, heshima, uadilifu na ubora. Agosti 2001 ofisa wake mmoja, Sherron Watkins, alimwandikia mwenyekiti Kenneth Lay kumwonya kuhusu hesabu. Desemba mwaka huohuo kampuni iliomba kinga ya mufilisi. Sisemi kwenu kuna wizi, hata kidogo. Nasema uadilifu ulikuwepo kwenye karatasi nzuri ya kung'aa.

Sasa cheo. Nakisia meneja wako anaamini kwamba anayefundisha wimbo huishia kuuimba usingizini. Ameandika huamini, kisha anakupa kazi ya kuaminisha. Ni mbinu ya zamani na wakati mwingine hufanya kazi. Inawezekana pia kwamba mtu mwingine juu yake amekuona ulivyouliza lile swali, akasema huyu ndiye. Huwezi kujua mpaka ujaribu, na namna ya kujaribu ni kukubali kwa masharti.

Nenda kwake kabla ya Ijumaa, si kwa ujumbe wa simu, ana kwa ana, umwambie hivi au kwa maneno yako: "Niko tayari kuwapokea wageni. Naomba mambo mawili yawe ndani ya siku zile tatu. La kwanza, niwasimulie mradi wetu uliosimamishwa, ulianzaje, tuliona nini, uliamuliwa vipi, ili wajue hapa kazi inaweza kutupwa na mtu akabaki na heshima yake. La pili, niwaonyeshe mtu akikosea anamwambia nani, na nini hufuata. Nikishapata majibu hayo kutoka kwenu, nitayafundisha." Kisha nyamaza. Usiongeze neno hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Akisema ni wazo zuri ila lisiwe siku ya kwanza, kubali, siku ya pili inatosha. Akisema hana majibu lakini atayatafuta, huyo ni meneja wa kufanya naye kazi, msaidie kuyatafuta. Akisema hayo yatawapoza wageni, basi mshukuru na ukatae, kwa upole na bila hotuba. Utakuwa umekataa kubeba bilauri tupu mbele ya watu 30.

Na ukikubali, siku tatu hizo zitoke kwenye kazi zako za kawaida, iandikwe. Cheo kisicho na mshahara wala muda ni saa za ziada zilizovalishwa suti.

Ile sentensi ya tathmini usiiache ikalala kwenye faili. Huwezi kujitetea kwamba unaamini, maana imani haipimwi, na ukianza kutabasamu zaidi ili ionekane, umerudi kwenye moto wa saa sita usiku. Mwandikie barua pepe fupi: "Naomba unitajie jambo nililofanya au nisilofanya lililokufanya uandike hivi, nilirekebishe." Akitaja tendo, una kazi ya kufanya. Akikosa, omba sentensi iondolewe. Unaweza usifanikiwe, lakini barua pepe itabaki, na meneja wa tano, ambaye kwa kasi yenu hayuko mbali, ataisoma.

Kuhusu kuondoka, usiamue Jumatatu baada ya makofi wala usiku kama huu. Jipe mpaka mwisho wa robo mwaka ijayo. Wakati huo soma mkataba wako tena, hasa kifungu cha notisi, hesabu akiba yako inakutosha miezi mingapi, andika wasifu wako upya ukiutaja ule mradi wa miezi saba kwa fahari, kwa sababu ulifanyika na uliuongoza. Kuutunza wasifu si usaliti. Hata wanaopenda nyumba yao hujua mlango wa nyuma uko wapi. Robo ikiisha, tazama kitu kimoja: je, kuna mtu yeyote, si lazima wewe, aliyeleta habari mbaya akasikilizwa? Kama yupo, kaa, na mwenzako nyumbani acha atanie kuhusu kodi. Kama hayupo, ondoka kwa amani.

Amebaki yule kijana wa penye maji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu amekuja na swali ambalo kampuni yenu nzima inalihitaji. Ana wiki tatu, ameshaona kuna kitu hakisemwi, na kati ya watu 210 alikuchagua wewe. Mtafute. Mwambie juzi ulimjibu kwa kaulimbiu na unataka kumjibu tena. Kisha mpe kosa lako moja la kweli ulilofanya hapo kazini: lilikuwa nini, ulimwambia nani kwanza, alikujibu nini. Na ikiwa utakaa na kufikiri na usikumbuke hata kosa moja ulilowahi kumwambia mtu humo tangu mlipopita watu 38, mweleze hilo pia, halafu uniandikie tena mimi.

Fanya hivyo kabla ya Ijumaa, kabla hujamjibu meneja habari ya cheo.

Shangazi